Nta, Picha na Farasi Asiyegusa Ardhi

(Mhadhara kwa wachoraji na wapiga picha, Dar es Salaam)

Assalaam aleikum, na habari za mchana.

Kabla sijasema lolote, hilo bonge alilonalo dada hapo mbele lipitishwe mpaka nyuma. Linuseni, kunusa hakulipishwi. Asali, moshi, na kwa mbali harufu ya magome, sivyo? Hiyo ni nta ya Tabora, ya mizinga ya magogo. Niliichuja mwenyewe: niliiyeyusha ndani ya maji, nikaipitisha kwenye kanga kuukuu, nikaiacha igande juu ya maji na takataka zikabaki chini. Nta hii tumekuwa tukiiuza nje tangu enzi za Mjerumani. Huko iendako inakuwa mishumaa na mafuta ya midomo. Mimi leo naomba tuitazame kama rangi.

Kazi yenyewe inaitwa enkaustiki, neno la Kigiriki lenye maana ya kuunguzia ndani. Unachanganya nta na rangi ya unga, unaiyeyusha, unaipaka ingali moto, halafu unalichoma kila tabaka mpaka liungane na lile lililo chini yake. Shikeni hapo pa kuchoma. Ukipaka bila kuchoma hujachora, umepanga mishumaa tu, na siku moja itabanduka.

Si jambo jipya. Misri chini ya Warumi, kati ya karne ya kwanza na ya tatu, watu wa Fayum walichorwa nyuso zao kwenye vibao vyembamba, na vibao hivyo vikafungwa juu ya maiti zao. Zimebaki kama 900, na nyingi ni za nta. Karibu miaka elfu mbili mchangani, na bado macho yale yanakutazama kama mtu aliyekungoja ukachelewa.

Najua hapa ndani wapo vijana wa Tingatinga, maana nimeshawaona mkinong'ona. Mimi nimekulia mlemle. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, hakungoja rangi za mafuta kutoka Ulaya. Alichukua rangi ya baiskeli na hadibodi akaanza kazi. Nami nimechukua nta ya warina asali. Tofauti ni kwamba ninyi mnachora chui kutoka kichwani, mimi naanza na picha ya kamera, na hilo ndilo wengi wenu mnalonisema nyuma ya mgongo: "Yule anachorewa na kamera." Basi leo nijibu.

Nianze na farasi. Farasi kwetu ni wachache. Mbung'o amehakikisha hivyo kwa karne nyingi, maana ugonjwa wa nagana haukumpa farasi nafasi ya kuzoea bara. Lakini lugha yetu inamjua: pwani tuna maneno matatu ya mwendo wake na wa punda. Kuna telki, yaani kutembea upesi; kuna matiti, mbio za polepole; kuna shoti, mbio kamili. Sasa swali: farasi anapokwenda shoti, je, kuna wakati ambapo miguu yote minne imeacha ardhi? Na kama upo, inakuwa imekaaje?

Wachoraji wa Ulaya walijibu kwa karne nyingi bila wasiwasi. Tazameni hii ya Théodore Géricault, mbio za farasi za Epsom, ya mwaka 1821, ipo jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Farasi wote wametanua miguu, ya mbele mbele, ya nyuma nyuma, kama mapaka yanayoruka mtaro. Inapendeza. Na ni uongo. Mwaka 1878, huko Palo Alto, California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia, kila moja na uzi wake, na farasi alipopita alikata nyuzi na kujipiga picha mwenyewe. Ikaonekana kwamba ndiyo, miguu yote huacha ardhi, ila ni pale inapokuwa imekunjwa chini ya tumbo. Inapotanuka huwa kuna mguu unaogusa chini. Wachoraji wa karne na karne, wengine wakiishi na farasi zizini, jicho liliwadanganya wote.

Lakini subirini, wapiga picha msipige makofi. Mwaka mmoja kabla yake, 1877, Muybridge huyohuyo alitoa picha ya farasi aitwaye Occident akienda matiti. Ile picha haikuwa picha. Ilikuwa mchoro uliochorwa kwa kufuata picha yake, ukabandikwa uso wa dereva uliokatwa kwenye picha halisi, halafu wote ukapigwa picha! Kwa hiyo anayesema kuchanganya picha na mchoro ni udanganyifu wa vijana wa leo, mwambieni babu zetu wa kamera walitutangulia.

Msimamo wangu ni huu: picha ni shahidi. Hakimu ni wewe. Shahidi akisema sana mpaka anakuandikia hukumu, mtoe nje.

Nilijifunza hilo kwa farasi wangu wa kwanza. Nilikwenda Nairobi, uwanja wa mbio wa Ngong, siku ya Jumapili, nikapiga picha nyingi mno. Moja ilitoka safi: farasi wa kahawia, miguu minne hewani, imekunjwa kama Muybridge alivyosema. Kila unywele unauhesabu. Nikaichapa, nikaizamisha kwenye nta, nikaitundika. Mke wangu akaitazama akauliza, "Huyu amening'inizwa na nini?" Hakukosea. Kamera ilikuwa imempa ukweli wote wa miguu na kumnyang'anya mbio. Farasi yule alikuwa kama wa sanamu aliyesahauliwa hewani.

Nikairudisha mezani. Nikachukua ile mashine ya kupuliza hewa ya moto, nikailenga kwenye kwato tu, kutoka mbele kwenda nyuma. Nta ikalainika, ikaanza kusogea, rangi ya kwato ikavutika kuelekea mkiani kama vumbi. Nikazima kabla haijafika magotini. Mwili nikauacha ulivyo. Halafu manyoya ya shingo: hapo sikutumia joto, nilipaka nta nzito kwa mipigo mifupi, tabaka juu ya tabaka, mpaka yakainuka ukiyapapasa kwa kidole. Jicho nililiacha la mwisho, doa moja la nta nyeupe, dogo kuliko punje ya mtama. Nikamwita mke wangu tena. Akasema, "Sasa anakimbia, ila miguu umeiharibu." Nikajua nimepatia.

Haya, sasa kazi ya mikono. Nta peke yake ni laini mno, inakwaruzika. Inaongezewa utomvu mgumu uitwao damari. Mimi naweka gramu 100 kwa gramu 800 za nta. Mchoro unakuwa mgumu na unang'aa. Damari inaagizwa nje na bei yake si ya mchezo, nami nikajiona mjanja: si tuna sandarusi? Si pwani hii iliuza sandarusi shehena kwa shehena karne ya 19 kwenda kutengeneza vanishi za Ulaya na Marekani? Nikapata kidogo ya kuchimba, ile ngumu ya ardhini, si chakazi mbichi inayotoka mtoni... samahani, kwenye mti. (Kicheko.) Nikaitia kwenye nta. Nikangoja. Ikakaa chini ya kopo kama kokoto, asubuhi mpaka adhuhuri. Sandarusi ya kweli haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 300 hivi, na nta ingekuwa imeshawaka moto zamani. Bahati yangu ni kwamba jiko langu lilikuwa dhaifu.

Na kwa kuwa tumetaja moto: nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Fanyeni kazi kati ya 80 na 90, na msipite 95. Nunueni kipimajoto kabla ya brashi. Nta ikitoa moshi imeshakuwa sumu ya kifua, kwa hiyo madirisha wazi, na feni ivute hewa kuelekea nje. Ikishika moto, funika kopo kwa mfuniko. Maji hapana! Maji kwenye nta inayowaka ni kama kwenye mafuta ya kukaangia, moto unaruka mpaka darini.

Brashi za nailoni zinayeyuka. Nyingi zinazouzwa kwa kazi hii ni za singa za nguruwe, na kwa kuwa huwa naulizwa kila ninapofika pwani, zipo pana za manyoya ya mbuzi, na kwa kweli ndizo ninazozipenda, zinabeba nta nyingi na hazichori mistari.

Ubao uwe mgumu na wenye kunywa. Plaiwudi tupu inafaa. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuupaka ubao rangi ya ukuta ili uwe mweupe. Ukapendeza. Usiku mmoja nikasikia kitu kimeanguka sebuleni, nikadhani paka. Tembo wangu mzima alikuwa amebanduka, yuko sakafuni, na ubao mweupe umebaki ukutani ukinicheka. Rangi ile huziba vinyweleo vya mbao, nta inakosa pa kushika.

Nta ya sokoni muitazame vizuri. Niliwahi kuuziwa iliyochanganywa na nta ya mishumaa. Sitamtaja aliyeniuzia, ana familia. Ilivunjika vipande kama pipi. Na nta ya manjano kama hiyo mliyonusa ni nzuri kwa simba, kwa nyasi za kiangazi, kwa vumbi. Ukiitia rangi ya buluu ya anga inakuwa kijani, kama maji ya bwawa. Kwa anga tafuta iliyopaushwa.

Sasa picha inaingiaje. Njia ya kwanza ni kuizamisha: unaichapa kwenye karatasi nyembamba isiyo na mng'ao, unaiweka juu ya nta iliyochomwa, unapitisha nta nyingine juu, unachoma. Karatasi inakunywa nta na kuwa kama kioo, pale palipokuwa peupe panapotea na mnyama anabaki amesimama ndani ya ubao. Unaongeza tabaka. Kila tabaka linamsogeza mbali nawe kidogo, kama ukungu wa asubuhi kreta ya Ngorongoro. Ukitaka arudi, unakwangua. Hapo ndipo mchezo wote ulipo, kufukia na kufukua. Mistari ya sharubu na nyasi naichimba kwa sindano, natia nta nyeusi mtaroni, nakwangua iliyozidi kwa wembe, mstari unabaki mwembamba kuliko brashi yoyote inavyoweza.

Njia ya pili ni ya kuhamisha wino. Nenda duka lolote la steshenari, omba fotokopi au chapa ya leza, maana inatakiwa wino wa unga. Wa maji utakuchafulia kazi. Ilaze kifudifudi juu ya nta iliyopoa, isugue kwa mgongo wa kijiko mpaka mkono uchoke, halafu lowesha karatasi na kuivingirisha kwa vidole. Karatasi inatoka, wino unabaki kwenye nta. Kisha choma kidogo, kidogo sana.

Njia hii ina mtego, nami niliuingia mzimamzima. Nilikuwa Samburu nikapiga picha punda milia wa Grevy, wale wenye milia membamba na tumbo jeupe. Nikamhamishia kwenye nta, nikafurahi, nikampelekea zawadi mtafiti mmoja wa wanyamapori. Akaitazama muda mrefu, akasema, "Mzuri. Lakini huyu hayupo." Milia ya punda milia ni kama alama za vidole, hakuna wawili wanaofanana, na upande wa kulia haufanani na wa kushoto. Kaskazini mwa Kenya mwaka 2016 wananchi walisaidia kuwahesabu kwa kamera, na wote walitakiwa kupiga ubavu wa kulia tu, kompyuta isije ikamhesabu mmoja mara mbili. Ukihamisha wino, picha inageuka kama kwenye kioo. Mimi nilikuwa nimechukua ubavu wa kulia nikaubandika kushoto, nikaumba mnyama ambaye hajawahi kuzaliwa. Tangu hapo nageuza picha kwenye kompyuta kwanza. Yule farasi aliyepinda kidogo mguu kwa ajili ya mbio, huyo ni uamuzi wangu. Punda milia wa kinyumenyume ulikuwa uzembe, na macho yangu yote mawili hayakuona.

Na tafadhali, tumieni picha zenu. Picha ya simba mliyoiokota mtandaoni ina mwenyewe, aliyelala kwenye gari siku tatu kumngoja.

Kuhusu kuyeyuka, maana mkono umeshainuka kule nyuma: hapana ndugu yangu, mchoro wa nta ukutani Dar hauyeyuki. Juani moja kwa moja utalainika, kwa hiyo usiutundike mkabala na dirisha. Ndani ya gari lililofungwa vioo saa saba mchana, hapo sina la kukutetea. Miezi ya mwanzo unaweza kufanya utandu mweupe juu, futa kwa soksi ya nailoni, mng'ao unarudi.

Sinia langu la umeme limefika themanini na tano. Njooni wanne wanne, wenye nywele ndefu na mitandio wafunge vizuri. Nani alikuja na picha yake? Wewe? Ni punda wa Lamu huyo? Safi sana. Umeshaigeuza?