Kabla Hujamfukuza Popo Darini

Habari za popo kusambaza mbegu na kuhudumia maua nitazipitia mbio mwishoni, maana nikianzia huko hatutafika darini, na ugomvi wetu na popo uko darini.

Hesabu yangu ni ileile ya siku zote: popo jike wa aina nyingi huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Mmoja! Huyu si panya. Marekani wameonja hasara ya kuwapoteza. Tangu 2006, kuvu wa ugonjwa wa pua nyeupe ameua mamilioni ya popo mapangoni: humwamsha popo katikati ya usingizi wa majira ya baridi, mafuta ya mwili yakaisha kabla wadudu hawajarudi. Utafiti uliotoka 2024 ulionyesha kuwa kaunti zilizopoteza popo ziliongeza dawa za kuua wadudu kwa wastani wa asilimia 31. Kazi ya kula wadudu, ambayo popo waliifanya bure, ikawa bili.

"Lakini popo ana magonjwa!" Naam, anayo. Kwa hiyo usimshike kwa mkono mtupu, na ukiumwa osha jeraha kwa sabuni na maji dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Kuua ni jambo jingine. Katika mgodi wa Kitaka, Uganda, wachimbaji waliugua Marburg, homa kali ya virusi vinavyobebwa na popo, mwaka 2007, popo wakaangamizwa. Kufikia 2012 popo walikuwa wamerudi, na wenye virusi walikuwa asilimia 13, kutoka 5 ya awali. Sasa nani kashinda?

Tuje darini. Jioni tazama wanatokea tundu gani. Ziba mengine yote, hata la upana wa kidole. Juu ya tundu lao ning'iniza wavu wa macho madogo, ubane juu na pembeni, chini uache wazi, ushuke nusu mita. Anayetoka huteleza chini; anayerudi hulenga tundu, akagonga wavu. Ngoja siku 5 hadi 7, ndipo uzibe. Wengi huharibu kwa kufanya haya watoto hawajaanza kuruka: mama anabaki nje, watoto wanafia ndani, na harufu yake itakuhamisha wewe.

Mbegu, harakaharaka: ndege wengi hunya wametua tawini, popo wa matunda hunya akiruka, kwa hiyo eneo lililofyekwa hupata mbegu hata pasipo mti. Mbuyu hufungua maua usiku, anayemhudumia mnamjua. Na mitambo ya umeme wa upepo, inayoua popo: mapangaboi yakizuiwa yasizunguke mpaka upepo ufike mita 5 kwa sekunde, vifo vya popo hupungua kwa karibu nusu au zaidi. Haya, maswali, ila la popo kunasa kwenye nywele silijibu tena.