Sikukuu za Dunia Darasani: Tuanze na Kalenda

Walimu wenzangu wa Kisumu, hamjambo? Naona walioketi nyuma wameshaanza kutazama saa, basi salamu ziishie hapo.

Kila shule siku hizi ina siku yake ya tamaduni. Mtoto anavishwa kofia pana ya karatasi, anaambiwa leo wewe ni Meksiko, anapigwa picha, anaenda zake. Hakuna aliyemwambia kwamba tarehe 1 na 2 Novemba familia za kule hupamba makaburi kwa maua ya rangi ya machungwa na kuwapikia marehemu vyakula walivyovipenda. Mtoto wa huku kwetu, aliyekua akicheza karibu na kaburi la babu yake bomani, angelielewa hilo upesi sana. Kofia imemnyima.

Mimi huanza na kalenda, tena na sikukuu ambayo watoto wengi wa hapa wanaisherehekea wenyewe. Waulize Gredi ya 5: mbona Krismasi haisogei, lakini Pasaka mwaka 2024 iliangukia Machi 31 na 2025 ikawa Aprili 20? Watasema serikali ndiyo hupanga. Waambie makanisa mengi hutafuta mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21, kisha huchukua Jumapili inayofuata. Hapo Idi ya jirani, inayofuata mwezi pia, inaacha kuwa mambo ya wageni.

Sasa wape daftari. Kila jioni kwa wiki tano, mtoto achore mwezi una umbo gani na uko upande gani wa anga. Kukiwa na mawingu aandike mawingu, asibuni. (Watabuni, nanyi mtawajua.) Wataona mzunguko mmoja wa mwezi unachukua siku 29 na nusu hivi. Zidisha mara 12, unapata 354. Ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, na mwaka 2030 itaanza mara mbili, Januari na tena Desemba. Nikifika hapo darasa hupiga kelele.

Halafu watupie Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu. Nayo hufuata mwezi, mbona haitoki Oktoba na Novemba? Msiwape jibu, waache wabishane hata siku mbili. Kalenda ya Wahindu huongeza mwezi wa 13 kila baada ya miaka mitatu hivi, na 2026 ni mmoja wa miaka hiyo. Wachina nao hufanya vivyo hivyo.

Baada ya hapo ndipo mfinyange taa. Udongo tunao, utambi ni pamba, mafuta ya kupikia yanatosha, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Mtoto sasa anajua taa zinawashwa usiku usio na mwezi kabisa.

Sala za watu msiziigize. Mzazi akikataa mtoto wake asiwashe taa, hesabu ya mwezi bado anaiweza.

Na wageni msiwatafute mbali. Reli ilifika hapa 1901, na familia za Kihindi zimelima Kibos vizazi na vizazi. Ombeni mapema kutembelea hekalu la Kalasinga, yaani Wasikh. Watoto wavue viatu mlangoni, kila mmoja afunike kichwa, wavulana pia, kisha wakae chini wale pamoja na watu wote. Chakula ni bure, hakina nyama, na hakuna anayeulizwa dini yake.