Mwenye Steshenari Hajui Kazi Uliyofanya

Haya jamani karibuni, wa nyuma sogeeni mbele viti vipo. Wengine mmeshanisikia nikisema hili hapa Moshi na kule Arusha na nitaendelea kulisema: acheni kuandikiwa CV steshenari. Kuchapiwa sawa, kuprinti sawa, ila yule dada hakujui, anafungua faili la mtu wa jana anafuta jina anaweka lako, ndo maana nikikaa na rundo la maombi mezani wote ni wachapakazi, wote wanaweza kazi za presha, wote wanapenda kusoma na kuangalia mpira. Sasa hapo mi nimchukue nani?

Kuna kijana mmoja alileta maombi ya kazi ya stoo, loji moja ya njia ya Karatu. CV kurasa tatu, dini ipo, kabila lipo, urefu upo, shule ya msingi ipo, halafu kwenye uzoefu kaandika hana. Hana! Namuuliza tangu umalize form four ulikuwa unafanya nini, ananijibu "nilikuwa napanda mlima tu mama". Eti tu! Misimu kadhaa alikuwa mgumu, yaani mpagazi wa Kilimanjaro, njia za Machame na Lemosho, na mwishoni yeye ndo alikuwa anasaidia kugawa mizigo. Mnaojua mlima mnajua pale getini mzigo unapimwa, mpagazi habebi zaidi ya kilo 20 za kampuni, ukikosea mahesabu watu mnakwama na wageni wanasubiri. Huyu kijana anajua mahema mangapi, gesi kiasi gani, mayai trei ngapi kwa kundi la siku 7, na kila kinachorudi anakihesabu. Hiyo kama sio stoo ni nini?

Nikamwambia kaa hapo tuandike upya. Dini, kabila, urefu tukatoa, maana havimwambii mtu wa stoo chochote. Tukaandika mpagazi na msaidizi wa vifaa, mwaka gani mpaka mwaka gani, njia zipi, makundi ya wageni wangapi, kupima na kugawa mizigo, kuandika kilichotoka na kilichorudi. Kwa Kiingereza chake mwenyewe, chepesi, kwa sababu ukiitwa utaulizwa kwa hayohayo maneno na yule dada wa steshenari hatakuwepo. Ikawa ukurasa mmoja na kidogo. Meneja alivyoisoma wala hakuanza na vyeti, aliuliza mayai mlikuwa mnayafungaje yasipasuke, na kijana akaongea weee hakusimama, maana ni kitu anakijua.

Kwa hiyo uliyeuza duka la shangazi, andika. Uliyeenda fildi, usiandike tu jina la hoteli, andika ulikuwa unafanya nini asubuhi mpaka jioni. Inaniuma sana kuona mtu kafanya kazi ya jasho alafu anaificha kwa sababu haina cheti.

Najua kuna mtu hapo anasema moyoni, mama anatupotezea muda, kazi ni kujuana. Kujuana kupo, sikatai. Ila anayekujua ni nani? Ni mpishi uliyepanda naye, ni msimamizi wako wa fildi, ni dereva aliyekuona unaosha gari usiku. Hao ndo uwaweke marefa kwenye CV, watu wa kuulizwa habari zako! Nyie mnaweka mchungaji na mwenyekiti wa mtaa ambao hawajawahi kukuona kazini, na hamuwapigii hata simu kuwaomba, nikipiga mi naulizwa "nani huyo?"

Na muda wa kwenda. Watu wanatembeza bahasha za kaki Julai na Agosti, msimu umeshapamba moto, magari yote yako Serengeti, nani akusikilize? Nenda Aprili, Mei, masika hii, magari yako gereji na mameneja wako ofisini wanapanga watu wa Juni. Usimwachie mlinzi bahasha ukaondoka, uliza jina la anayehusika na ajira, uliza anataka imeili au karatasi.

Mengine haraka haraka. Imeili iwe ya jina lako, faili PDF lenye jina lako. Barua nusu ukurasa, itaje kazi yenyewe. Ajira Portal ya serikali ni habari nyingine, vyeti vithibitishwe na wakili, rizati slipu hawapokei, majina kwenye vyeti na NIDA yafanane. Na anayekuomba hela ya fomu au ya sare kabla hujaanza kazi ni tapeli, mkimbie.

Intavyuu na mshahara leo sifiki, ukumbi unatakiwa. Mwenye CV aitoe sasa hivi, chukua kalamu ukate kila mstari ambao hata jirani yako hapo angeweza kuuandika, halafu njooni na kilichobaki hapa mbele tukae.