Nyimbo Zilizotukuta Barazani

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Ahsanteni kwa kuacha shughuli za jioni mkaja kusikiliza habari za muziki, tena muziki wa utotoni, jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa la kupitishia wakati. Mimi nalihesabu kuwa historia. Nikimuuliza mtu wa rika langu ni wimbo gani alioupenda kwanza, sipewi jina la wimbo tu. Naambiwa mtaa aliokulia, kazi ya baba yake, jirani aliyekuwa na redio kubwa, na mara nyingi hata taabu ya betri.

Ninalotaka kulisema leo ni hili: sisi tuliokulia hapa Tanga miaka ya 60 na 70 hatukuutafuta muziki tulioupenda. Ulitukuta. Ulikuwa muziki wa watu wazima, umetungwa kwa ajili yao, nasi tuliunasa huku tunachambua mchele, tunacheza kombolela, au tunatumwa dukani. Na kwa kuwa nyingi ya nyimbo zile hazikuuzwa popote, ilibidi kila mtu azitunze kichwani.

Nianze na redio. Nyumbani kwetu Ngamiani ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na mtoto hakuruhusiwa kuigusa. Betri zilikuwa ghali. Zilipochoka ziliwekwa juani ubaoni tangu asubuhi, zikapata nguvu kidogo ya kutufikisha kwenye taarifa ya habari ya jioni. Kwa hiyo redio haikuachwa ikiimba ovyo. Ilifunguliwa kwa habari, kwa salamu, kwa matangazo ya vifo, na katikati ya hayo ndipo bendi ilipopenya. Mtoto aliyetaka wimbo ilibidi avumilie bei ya pamba na mkonge kwanza. Nadhani ndiyo sababu watu wa rika langu tunakumbuka vizuri vitu tusivyowahi kuvipenda.

Kituo chenyewe kilianza mwaka 1951 kikiitwa Sauti ya Dar es Salaam, mwaka 1956 kikageuzwa kuwa shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 Serikali ikakichukua kikawa Redio Tanzania Dar es Salaam. Tuliokizoea tulisema RTD. Vijana wa leo wanaoijua TBC hawawezi kukisia uzito wa herufi zile tatu. Nchi yetu wakati huo haikuwa na kiwanda cha kutengenezea santuri. Bendi ilikwenda studio ya redio, Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere, ikarekodi nyimbo zake kwenye mikanda mikubwa ya duara, na mikanda ikabaki kule kule. Iliyotaka santuri ilibidi ifunge safari kwenda Nairobi. Maana yake ni kwamba nyimbo zilizoimbwa nchi nzima, kuanzia Mtwara hadi Bukoba, hazikuwepo katika duka lolote. Zilikuwepo kwenye rafu moja, na aliyezitoa rafuni alikuwa mtangazaji. Ukiwa bombani wimbo wako ukapigwa, basi umekupita, subiri wiki nyingine.

Hapo ndipo akili ya mtoto ilipofanya kazi. Tuligawana. Dada yangu alikuwa na sikio la maneno, mimi nikawa na sikio la magitaa. Mtoto wa nyumba ya pili alishika kiitikio. Wimbo ukiisha tunakutana barazani kuunganisha vipande, na palipokuwa na pengo tulijazia maneno yetu. Tukagombana. Huyu anasema mwimbaji katamka hivi, yule vile, na hakuna wa kuamua mpaka redio iupige tena. Zipo nyimbo ambazo hadi leo naziimba kwa maneno ya watoto wa Ngamiani, ingawa nimekwisha kusikia ya mtunzi mwenyewe, na sioni sababu ya kuyaacha.

Niseme kidogo jinsi zilivyorekodiwa, kwa sababu sauti ile iliyotuteka ina asili yake. Bendi nzima iliingia chumba kimoja na kupiga kwa mara moja: gita la solo, la rizimu, la besi, tumba, tarumbeta, saksafoni, na waimbaji mbele. Maikrofoni zilikuwa chache. Akikosea mmoja, wote wanarudia mwanzo. Sikilizeni rekodi za wakati ule mtasikia watu wanaoangaliana usoni, mmoja akivuta pumzi na mwenzake anajua ni zamu yake. Mtoto hajui habari za studio, lakini anajua watu wakiwa pamoja.

Tena kabla ya kurekodi, mashairi yalipitiwa na kamati ya redio. Mtunzi aliyetaka kusema makali aliyafunika kwa mafumbo, na fumbo lililoipita kamati lilimpita mtoto pia. Ndiyo maana nikiwa bado natoka meno ya utotoni niliimba kwa sauti kubwa habari za mume aliyeitelekeza nyumba na za mwanamke anayelipa kisasi. Bibi yangu alikuwa akinisikia, anatazamana na mama, kisha ananituma kuni. Nilipofika umri wa kuelewa, nililielewa fumbo na nikaielewa pia sababu ya kutumwa kuni. Hayo ni mafunzo makubwa ya lugha, na hakuna mwalimu aliyetufundisha hivyo darasani.

Wimbo wa dansi wa wakati ule ulikuwa na sehemu mbili. Kwanza hadithi, polepole, beti kwa beti. Kisha chemko, magitaa yanapofunguka na tarumbeta zinaingia. Watu wazima walisikiliza hadithi. Sisi tulikuwa tunangojea chemko, na tuliipiga kwa midomo, kila mtoto na chombo chake. Kaka zetu walichonga gita la galoni tupu ya mafuta, nyuzi zake waya wa breki za baiskeli. Wengine walianzia hapo hapo wakaja kupanda jukwaani.

Mji huu ulikuwa na bendi zake: Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Watoto tuligawanyika kama wanavyogawanyika watu wa Simba na Yanga, na hukuchagua upande, ulizaliwa nao. Na bendi nyingi nchini zilikuwa na mwenyewe. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, ikaja kuitwa JUWATA na sasa ni Msondo Ngoma. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi. Mpiga gita alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na vyombo ni vya mwajiri. Kila bendi ilitangaza mtindo wake, nasi tuliyajua majina ya mitindo kabla hatujaijua ramani ya nchi: Saboso ni Western Jazz, Chapakazi ni Urafiki, Sikinde ni Mlimani Park walipokuja mwaka 1978. Morogoro niliijua kwa sababu ya Salum Abdallah na Cuban Marimba, kisha Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, na baadaye Super Volcano. Mbaraka alipofariki kwa ajali ya gari kule Mombasa, Januari 1979, nchi ilikuwa vitani na Idi Amin. Nakumbuka watu wazima wakiwa na majonzi mawili kwa wakati mmoja, na redio ile ile ndiyo iliyoyaleta yote mawili.

Wako vijana wa Jamhuri Jazz walioondoka hapa, ndugu wa ukoo wa Kinyonga, Wilson na George. Walipitia Arusha, na mwaka 1971 wakaingia Nairobi, wakaanzisha Simba Wanyika. Nyimbo zao zilirudi Tanga zikiwa santuri, na santuri zile ndogo zilikuwa na kasoro moja: upande mmoja haukutosha wimbo wa dansi. Basi wimbo ulikatwa, sehemu ya kwanza huku, sehemu ya pili kule. Hadithi inakaribia kunoga, sauti inafifia, mtu anainuka kugeuza. Kwenye mkanda wa RTD wimbo ulikwenda mzima. Kwa hiyo mtu aliyelelewa na santuri Mombasa au Nairobi anaujua wimbo wenye pumziko katikati, na akiusikia mzima leo, kuna mahali moyo wake bado unasubiri kugeuziwa. Nimewaona wageni wangu kutoka Kenya wakinyamaza mahali hapo.

Mpaka sasa nimesema ya akina baba. Ya akina mama ilikuwa taarab, na hapa Tanga inafaa tujivune bila haya. Zanzibar ina Ikhwani Safaa tangu 1905, na ina Siti binti Saad aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Hayo ni makubwa. Lakini Black Star Musical Club ya mji huu ilichukua taarab ikaipunguzia vyombo, ikatia magitaa na mwendo wa dansi, na miaka ya 60 ikaifikisha bara, kwa watu wasiowahi kuiona bahari. Kisha Lucky Star. Na sauti ya Shakila, ambaye aliimba na zote mbili. Sauti ile sikuisikia kwanza redioni. Niliisikia harusini, usiku, tumelazwa watoto kwenye mkeka pembeni mwa uwanja, mama zetu wanainuka mmoja mmoja kwenda kumtunza mwimbaji kwa pesa. Unasinzia, unaamka, wimbo bado ule ule, kwa maana taarab haina haraka. Kulipokucha tuliigiza kutunza kwa majani ya mwembe.

Tena kulikuwa na sinema: Majestic, Novelty, Regal. Filamu za Kihindi zilijaza watu, na watoto tulitoka tukiimba Kihindi tusichokijua hata neno moja. Juma Bhalo wa Mombasa alikuwa amechukua sauti nyingi za filamu hizo akazitilia mashairi ya Kiswahili. Kwa hiyo mtoto wa Pwani aliweza kukutana na wimbo mmoja mara mbili, kwa lugha mbili, asijue upi umemzaa mwenzake. Wengine wetu mpaka leo tunashangaa tukisikia kule India wanaudai kuwa wao.

Waliokulia Kigoma wana hadithi nyingine kabisa. Usiku mawimbi ya masafa ya kati husafiri mbali kuliko mchana, kwa sababu anga ya juu huyarudisha chini. Jua likizama, redio ya Kigoma ilikuwa inapata Burundi na Kongo kwa urahisi, na mtoto akalala na rumba ya Kilingala. Rafiki yangu wa huko hajui nyimbo za Atomic hata kidogo. Sisi sote ni Watanzania wa rika moja, na utoto wetu una muziki tofauti kwa sababu ya mlima, ziwa na saa ya usiku.

Kwa waliozaliwa baadaye nitapita upesi, kwa kuwa mko hapa na mnaweza kujieleza. Ninyi mlikuwa na kanda. Mliwahi kuizungusha kwa kalamu ya Bic ili betri zisiishe, mkasimamisha na kurudisha mpaka maneno yakaingia kwenye daftari la nyimbo. Mwaka 1994 zikaja Radio One na televisheni binafsi, mwanarap Mr. II akawa anasema mambo ya mtaani kwa lugha ya mtaani, na kwa mara ya kwanza watoto wakawa na muziki ambao wazazi wao hawakuujua. Naliona jambo hilo kuwa kubwa zaidi kuliko mabadiliko ya ala. Kabla ya hapo, hakuna wimbo nilioupenda ambao mama yangu hakuweza kuuimba.

Leo mjukuu ana simu na visikilizi masikioni. Nawasikia wenzangu wakisema muziki wa siku hizi hauna maana. Siungani nao. Kulikuwa na nyimbo dhaifu nyingi wakati wetu pia, zimesahaulika tu. Linalonisumbua ni kwamba simu humpa mtoto kinachofanana na alichokipenda jana, na anachosikiliza yeye hakimfikii mdogo wake aliyekaa hapo hapo mkekani. Sisi tulisikia tusichokitaka, tena kwa miaka, na ndicho tulichokuja kukipenda. Ukitaka mjukuu wako aijue Black Star, usimtumie wimbo kwenye simu. Ipige kwa sauti jikoni wakati anakula, usimwambie lolote, na kesho urudie.

Sasa nina ombi. Mikanda ya RTD bado ipo, iko chini ya TBC, na mkanda wa sumaku huchakaa hata ukitunzwa. Yaliyomo mengi hayajawahi kutolewa kwa santuri, kanda wala sidii. Kazi ya kuihamisha ni ya wenye mitambo. Lakini kuna lisiloweza kufanywa na mtambo: kujua nani alipiga gita la rizimu, nani aliimba sauti ya pili, wimbo ulimhusu nani, na fumbo lake lilikuwa nini. Hayo wanayo watu, na wengi wao wana umri wangu au zaidi.

Pale mezani karibu na mlango kuna daftari. Andikeni jina la wimbo wa kwanza mlioupenda, redio au santuri ilikuwa ya nani, mtaa gani, na mtu aliyewaambia maneno yake. Usiyejua jina la wimbo, andika unavyoukumbuka, hata kwa maneno ya kujazia. Asiyependa kuandika amweleze kijana aliyekaa hapo, ataandika. Maikrofoni naiacha kwenu, na naomba waanze walioijua Atomic kabla yangu.