Mwembe wa Barabarani Utamwagiliwa na Nani?

Ndugu zangu, nimekuja kutetea miti ya matunda ipandwe kando ya mitaa yetu, na hata kiti sijakalia nimeshaulizwa: matunda ya barabarani si yataleta ugomvi na uchafu? Swali hili nalijibu kila mwaka, na leo nalijibu tena.

Nendeni Bungi, Unguja. Barabara inapita kati ya miembe mikubwa iliyopandwa pande mbili. Ni miembe ya Bi Khole, binti wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, ya karne ya 19. Jumba lake limebaki magofu. Miembe imepungua, lakini iliyobaki bado inawapa kivuli wapita njia wasiomjua hata jina. Tabora na Ujiji nako miembe imefuata njia za misafara. Mombasa kuna Mwembe Tayari, hapa Dar tuna Mwembechai na Mwembeyanga. Halafu leo mtu ananiambia mti wa matunda mjini ni jambo geni! Kilicho kigeni ni hii miashoki tuliyoisimamisha mbele ya kila ofisi, myembamba, haimfuniki hata mama ntilie mmoja na sufuria zake.

Sasa uchafu. Hapo mnasema kweli, na sitaki tupite haraka. Okota embe lililolala chini siku tatu, ulipasue. Utaona funza weupe wanajikunja na kuruka. Ni watoto wa inzi wa matunda, yule aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 akasambaa sehemu kubwa ya Afrika. Funza huyo anaingia udongoni, anatoka inzi, anarudi juu kutoboa maembe mengine. Kwa hiyo mti usio na mtu wa kuokota unaharibu hata maembe ya jirani uani kwake. Dawa yake haina gharama: okota kila siku, funga kwenye mfuko mweusi, uache juani mpaka funza wafe.

Nani ataokota? Hapa ndipo ninapogombana na wakubwa. Kila masika tunaona kiongozi, koleo jipya, mche, picha. Magari yakiondoka, mche umeachiwa Mungu na mbuzi. Njooni Agosti mtazame: kijiti kikavu na kibao chenye jina la mheshimiwa. Mimi nasema usipandwe hata mche mmoja kabla hajajulikana mtu wake. Mwenye genge hapo hapo, kijiwe cha bodaboda, mlinzi wa zahanati. Serikali ya mtaa iandike karatasi: fulani ataumwagilia ndoo mbili kwa wiki, kiangazi cha kwanza na cha pili, ataokota yanayoanguka, na msimu ukifika anavuna yeye kwanza kabla ya wengine. Mnaniambia hiyo ni kubinafsisha mali ya umma. Hapana! Kivuli ni cha wote, ardhi ni ya wote, na maembe hayo hawezi kuyamaliza peke yake. Mnachokiita mali ya umma sasa hivi ni kile kijiti.

Tena mpeni mtunzaji mche wa kubebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mwembe unaozaa. Huo unaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Wa kokwa utamchosha mtunzaji kabla hajaonja.

Moshi wa magari? Petroli yenye madini ya risasi, ile sumu ya kwenye moshi, tuliachana nayo kufikia 2006. Hata hivyo Barabara ya Mandela, na malori yale, siitaki. Nataka shule, zahanati, vituo vya daladala, mitaa ya ndani. Watoto na mawe: matawi yakatwe mti ubaki mfupi, wachume kwa mkono. Mfenesi usiwe juu ya vichwa vya watu, wala mnazi. Mipera na mikomamanga nilitaka kuieleza vizuri, naona mwenyekiti ananionyesha saa.

Basi, neno moja tu. Vuli inaanza Oktoba. Mashimo ya sentimita 60 kwa 60 yachimbwe Septemba, udongo wa juu uchanganywe na samadi, na karatasi za watunzaji ziwe zimeshasainiwa. Mwenye mtaa wake aniletee majina, nitakuwa pale mlangoni.