Kitabu cha jirani kilichopitia Brooklyn

Jamani asanteni kwa kuja, najua foleni ya leo ilikuwa mbaya. Nimekuja na kitabu kimoja, naomba kizunguke mkishike wakati naongea. Mnaona kilivyo, karibu mraba, na jalada ukipitisha kidole linakwaruza kidogo kama bahasha ya kaki. Ni Niketche cha Paulina Chiziane wa Msumbiji, kwa Kireno kilitoka 2002, mimi nimekisoma kwa Kiingereza, tafsiri ya David Brookshaw ya 2016, wamekiita The First Wife. Kuna mama anaitwa Rami, ndoa ina miaka 20, anagundua mumewe ofisa wa polisi ana wanawake wengine wanne, basi anaanza kwa kupigana nao na mwisho anawakusanya wote wanakuwa kitu kimoja, yaani mimi nilikisoma mpaka saa tisa usiku. Na hiyo niketche ni ngoma ya Wamakua, na Wamakua si tunao Masasi hapo!

Sasa angalieni hiki kitabu kimepita wapi. Msumbiji ukivuka Ruvuma umefika, lakini mimi kimenifikia kutokea Brooklyn, New York, kwa wachapishaji wadogo wanaitwa Archipelago Books, shirika lisilo la faida, Jill Schoolman alilianzisha 2003. Paulina alipopata tuzo ya Camões 2021, ile tuzo kubwa ya waandishi wa Kireno, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata, kitabu kilishakuwepo kwa Kiingereza miaka mitano, na hilo ndo linaloniuma, watu wa mbali walimwona kabla yetu.

Kwa nini lazima wawe wasiotafuta faida? Manake kitabu cha tafsiri kinakula hela kabla hakijauza hata nakala moja, unanunua haki, unamlipa mtafsiri miezi yote anayokaa nacho, halafu mhariri, halafu mwandishi huko hajulikani na mtu. Marekani inasemwa katika kila vitabu 100 vinavyotoka, vya tafsiri ni kama 3. Mwenye biashara akipiga hesabu anaacha. Hawa wadogo pengo wanaliziba kwa ruzuku na michango ya wasomaji.

Wanaonikuna zaidi ni And Other Stories, wako Sheffield Uingereza, mwanzilishi wao Stefan Tobler mwenyewe ni mtafsiri, Kireno anakijua. Wao msomaji analipa mapema, kitabu hakijachapwa bado, na kikitoka jina lake linakuwa kurasa za nyuma, majina mamia kwa mamia. Mimi zile kurasa nazisoma kama nasoma orodha ya waliochangia harusi, na kwa kweli ndo kitu chenyewe, ni mchango.

Na pesa hiyo inanunua nini, mfano mmoja tu. Yuri Herrera wa Meksiko, ambaye And Other Stories ndio wamemtoa kwa Kiingereza, kwenye riwaya yake ya msichana anayevuka mpaka kumtafuta kaka yake, kila mtu akitoka mahali anatumia kitenzi alichokitunga, jarchar. Kimetoka kwenye jarcha, ubeti wa kufungia mashairi ya zamani ya Andalusia, na hilo nalo asili yake Kiarabu, kharja, kutoka, mzizi huohuo wa hariji yetu ya kutoa pesa. Mtafsiri Lisa Dillman angeweza kuweka neno la kawaida la kuondoka akalala zake. Akaweka verse, ubeti, akaligeuza kitenzi, kwa hiyo msichana kwa Kiingereza haondoki tu mlangoni, anabeti, ya ubeti, sio ile ya kamari. Ile tafsiri ikashinda tuzo ya kitabu bora cha tafsiri Marekani 2016. Neno moja hilo jamani, hulipati kwa mtu anayekimbizana na kodi ya nyumba.

Sasa ombi langu. 2022 tulipata Peponi ya Gurnah kwa Kiswahili, Ida Hadjivayanis alifanya kazi nzuri sana, kwa hiyo hakuna anayeweza kuniambia haiwezekani. Mimi nataka Niketche ije kwa Kiswahili, na itoke kwenye Kireno moja kwa moja sio kwenye Kiingereza hiki mlichoshika. Kireno changu hakitoshi, lakini hapa ndani kuna waliosoma Maputo, nawaona wawili pale nyuma. Daftari liko mlangoni, ukurasa wa kushoto waandike wanaojua Kireno, wa kulia wanaotaka kuchanga, na mimi jina langu nimeshaliandika kulia. Kitabu nirudishieni tafadhali, kimefika wapi?