Mifano mitano si uthibitisho: mhadhara juu ya 4,294,967,297

Mbukwenyi! Haya, kaeni. Walimu wa Kongwa na Mpwapwa mlishanisikia nikiyasema haya, lakini vumilieni, maana madaftari ya wanafunzi wenu yananiambia bado hamjanisikia.

Mwaka 1640 Fermat, yule mwanahisabati Mfaransa, alichukua 2, akaipandisha kwa vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, kila mara akaongeza 1. Akapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote namba tasa. Akaamini na zinazofuata zitakuwa tasa. Inayofuata ndiyo hii ubaoni: 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1. Mnacheka? Huyo ni Fermat na mifano mitano. Nyinyi mkipata mitatu mnaandika "hivyo imethibitika"! Mnunuzi wa zabibu hapa Dodoma akionja punje tano za juu, za chini ya tenga anazijuaje?

Mwaka 1732 Euler, mwanahisabati wa Uswisi, akaonyesha kuwa namba hii ni 641 mara 6,700,417.

Najua kuna anayewaza, "Mwalimu, si tutoe simu tugawanye?" Toa. Utagawanya kwa ngapi? Kabla ya 641 kuna namba tasa 115. Na simu itakuambia inagawanyika, sababu haikupi. Weka simu, tazama ubao.

641 ni 640 na 1, na 640 ni 5 mara 2 kwa kipeo cha 7. Basi tukihesabu mabaki tu ya kugawanya kwa 641, 640 ni sawa na hasi 1. Pandisha kwa kipeo cha 4: 5 kwa kipeo cha 4, mara 2 kwa kipeo cha 28, baki ni 1. Nyuma huko, tuko pamoja? Sasa igeuze 641: ni 625 na 16. Hiyo 625 ni 5 kwa kipeo cha 4, kwa hiyo kwenye mabaki ni sawa na hasi 16. Na 16 ni 2 kwa kipeo cha 4. Ingiza pale juu, 4 na 28 ni 32: hasi ya 2 kwa kipeo cha 32 ni sawa na 1. Hamisha upande: 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1, baki sifuri! Nani kagawanya? Hakuna.

Nilitaka pia kuwaeleza jinsi Gauss, mwanahisabati Mjerumani, alivyoihusisha ile 17 ya Fermat na kuchora umbo la pande 17 kwa rula na bikari, lakini mwenyekiti anaonyesha saa. Fupi tu: baada ya zile tano za Fermat, hakuna aliyepata ya sita iliyo tasa mpaka leo.

Kazi ya nyumbani. Euler alithibitisha kuwa kila kigawo tasa cha namba hii ni 64 mara kitu, ongeza 1. Thibitisheni 6,700,417 ni tasa. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, kwa hiyo zidisheni 64 kwa 1 hadi 40 tu, kila mara ongezeni 1, mjaribu kama inaigawanya. Na simu zikae mfukoni.